Njooni na futi, si fulana

Kila mwaka picha ni zile zile: watu ndani ya fulana mpya, matope hadi magotini, kila mmoja na kijiti cha kijani mkononi, halafu maandishi kwamba imepandwa mikoko elfu kadhaa. Na mimi nimo katika picha moja kama hiyo, kwa hiyo sijitoi. Siku ile tulipanda kwenye mchanga mtupu mbele ya mililana, miti ya mikokoni inayoota upande wa bahari, mahali ambapo maji hufika hata siku za maji mafu, yaani bahari inapojaa kidogo tu. Palichaguliwa kwa kuwa palikuwa peupe. Mzee mmoja mvuvi alipita na dema lake, mtego wa samaki, begani, akasimama, akasema, "Hapo mkoko hauoti, wanangu." Tukamwitikia kwa heshima na tukaendelea kuchomeka. Bamvua la pili, yale maji makubwa, liliondoka na karibu miche yote.

Tunasema tunapanda ili mikoko ihifadhi kaboni inayotoka kwenye hewa ya ukaa, kisha tunahesabu miche kana kwamba mche una kaboni ya maana. Hauna. Tazama Gazi, kule Kwale, pwani ya Kenya. Miaka ya 1970 mikoko yake ilifyekwa ikawa kuni za viwandani, pakabaki uwanda, na upandaji ukaanza miaka ya mwanzo ya 1990. Shamba moja la mikoko lilipotimiza miaka 12 watafiti walilipima: urefu wa wastani mita 8.4, kipenyo sentimita 6.2, na uzito mkavu wa miti juu ya ardhi kama tani 107 kwa hekta. Karibu nusu ya hizo ndiyo kaboni. Ni kazi nzuri sana, lakini sentimita 6 ni unene wa pau, mti mwembamba wa kujengea. Miaka 12, na boriti bado!

Kupima kwenyewe ni shughuli. Mkoko hauzungushiwi futi ya kupimia usawa wa kifua kama miti mingine, maana mizizi yake hushuka kutoka juu kama miguu ya pweza. Unapanda juu ya mizizi, unautafuta ule ulio juu kabisa, unapima juu yake, huku mbu wanakutafuna. Haitoi picha nzuri.

Na hapo hatujafika kwenye hazina yenyewe, yaani tope. Lile tope jeusi linalonuka yai viza halina hewa, ndiyo maana mizizi na majani yaliyozikwa humo huoza polepole mno, na kaboni yake hukaa karne na karne. Ukikata miti, tope linaanza kuitoa. Hapo hapo Gazi watafiti walikata mikoko katika viwanja vidogo vya majaribio, na ardhi yenyewe ikadidimia.

Kwa hiyo mimi naupenda mradi wa Mikoko Pamoja wa hapo Gazi kwa jambo ambalo wengi hawalitaji: sehemu kubwa ya hekta zake 117 ni msitu uliokuwepo, unaolindwa usikatwe, na upandaji ni sehemu ndogo tu. Mradi ulianza 2013, na huuza hati za kaboni, yaani uthibitisho wa hewa ya ukaa iliyozuiwa, za kama tani 3,000 kwa mwaka, na pesa hizo zimeleta maji na vitabu vya shule Gazi na Makongeni. Mlinzi wa msitu hapigwi picha, ila ndiye anayeshikilia kaboni.

Mwaka huu nimealikwa tena kupanda. Nimewauliza waandalizi ni nani atarudi mwakani kuhesabu iliyo hai. Ujumbe umesomwa, jibu sijapata.