Cairo Haikuzikwa na Umm Kulthum

Wiki mbili zilizopita nilikuwa harusini Ng'ambo, hapa mjini Zanzibar. Wapigaji walipoweka ala zao chini ili wanywe kahawa, kijana mmoja aliunganisha simu yake na spika akapiga mahraganat, muziki ule wa vijana wa mitaa ya pembezoni ya Cairo. Haikutimia dakika moja. Mzee mmoja mpiga udi, ambaye namheshimu tangu utotoni, alinyanyua mkono akasema: "Zima hiyo, mwanangu. Cairo ilikufa siku alipozikwa Umm Kulthum." Waliokaa karibu wakaitikia, na kijana akazima. Nilinyamaza, kwa kuwa mzee wa rika lile hajibiwi mbele ya wageni, lakini neno lake limenikaa kifuani hadi leo, nami naona ni wajibu wangu kulijibu kwa maandishi.

Najua anachokililia. Baada ya redio ya taifa ya Misri kuanza mwaka 1934, tamasha la Umm Kulthum, mwimbaji mashuhuri wa Misri, la Alhamisi ya kwanza ya mwezi lilisikilizwa katika nchi nyingi za Kiarabu, na alipofariki tarehe 3 Februari 1975 barabara za Cairo zilifurika waombolezaji. Sauti ile haijapata mrithi, na hilo nalikubali bila ubishi. Ninachokataa ni hiyo Cairo ya kufikirika, mji wa muziki safi uliolindwa na wenye vyeo, kisha ukachafuliwa na watoto wa mitaani. Mji huo haujapata kuwapo.

Muziki wa Cairo ulikuwa na makazi yake, nayo yalikuwa Mtaa wa Mohammed Ali. Khedive Ismail, mtawala wa Misri, aliupasua katika miaka ya 1870, ukitoka eneo la Azbakiyya hadi chini ya ngome ya mji, na alitaka ufanane na barabara za Paris. Waliokuja kuujaza walikuwa mafundi wa udi na ganuni (ala ya nyuzi nyingi inayolazwa mapajani), wapiga tarumbeta waliotoka kwenye bendi za jeshi, na wale wanawake walioitwa awalim, walioimba na kucheza harusini chini ya kiongozi wao aliyepanga kazi na kugawa malipo. Mpigaji alikaa kwenye mkahawa tangu alasiri akisubiri mtu mwenye harusi aje kumkodi. Familia zenye jina zilimhitaji usiku wa sherehe, na asubuhi zilimwona mtu asiyefaa kuoa kwao. Hao ndio waliobeba muziki wa mji kutoka kizazi hadi kizazi, na kila ninapomsikia mtu akiuita muziki wa vijana "takataka" huwakumbuka wao, kwa sababu nao waliitwa hivyo hivyo.

Umm Kulthum mwenyewe aliingia Cairo katika miaka ya 1920 akiwa binti wa imamu wa kijiji cha Delta ya mto Nile, aliyezoea kuimba kaswida akiwa amevishwa mavazi ya kiume ili watu wasimseme baba yake. Katika miaka hiyo hiyo ya mwanzo alirekodi wimbo mwepesi ambao mstari wake mmoja ulitangaza kwamba uasherati na madaha ndiyo madhehebu yake. Baadaye maneno yalibadilishwa yakawa ya wepesi na upole, na rekodi ya kwanza ikaondolewa sokoni. Simtaji ili kumwaibisha. Namtaja kwa sababu hata yeye alipita katika mlango huo huo wa nyimbo za soko, akakua, na mji ukampa nafasi ya kukua.

Wataalamu nao walijaribu kuusafisha muziki huu. Mwaka 1932, kwa amri ya Mfalme Fuad, ulifanyika Cairo mkutano mkuu wa muziki wa Kiarabu. Walikuja wapigaji kutoka Iraq, Morocco, Algeria na Tunisia, na watunzi wa Ulaya kama Bartók na Hindemith, wakajadili makamu (mpangilio wa sauti ambao juu yake hujengwa nyimbo za Kiarabu), robo sauti (hatua ndogo za sauti ambazo piano ya kawaida haina), na kama piano inastahili kuingizwa. Rekodi zilizofanywa pale ni hazina, na nashukuru kwamba zipo. Lakini mitaani hakuna aliyesubiri ruhusa ya mkutano. Mtunzi na mwimbaji Mohammed Abdel Wahab aliendelea kuchanganya tango na rumba katika nyimbo zake huku akilaumiwa kwamba anaiba kwa Wazungu, na mwaka 1964, alipomtungia Umm Kulthum "Enta Omri", aliweka gitaa la umeme ndani yake. Wimbo huo wenye gitaa la umeme ndio mzee wangu anaouita asili.

Kisha ikaja kaseti, na katika miaka ya 1970 mwimbaji Ahmed Adaweya, aliyeanzia kwenye mikahawa ya Mtaa huo huo wa Mohammed Ali, akasikika katika kila teksi ilhali redio ya serikali haikumpigia. Alipofariki Desemba 2024 aliombolezwa kama mtu wa urithi wa taifa. Mahraganat nayo ilizaliwa harusini, katika vitongoji kama Madinat al-Salam, na Februari 2020 chama cha wanamuziki cha Misri kikaipiga marufuku kwa sababu ya mstari mmoja uliotaja pombe na bangi. Nakiri kwamba nyingi ya nyimbo hizo zinaniumiza masikio na maneno ya baadhi yake singependa wanangu wayaimbe. Hata hivyo, hoja iliyotumika kuzifungia ni ile ile aliyotupiwa Adaweya, kwamba maneno hayana heshima.

Nasi wa Zanzibar tuna sababu zaidi ya kuyakumbuka haya. Ganuni ya taarab yetu inasimuliwa kuwa ililetwa na Mohammed Ibrahim, aliyetumwa na Sultani Barghash kwenda Cairo kusoma muziki, na Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi 1888, kabla Umm Kulthum hajazaliwa. Cairo iliyotufundisha ilikuwa ile ya mwimbaji Abdu al-Hamuli, aliyechanganya makamu za Kituruki na uimbaji wa Kimisri. Tulipokea mchanganyiko, tukauchanganya tena, na mwimbaji Siti binti Saad, aliyekuwa muuza vyungu wa Fumba, akautia Kiswahili.

Kinachonihuzunisha ni kwamba katika Mtaa wa Mohammed Ali karakana za udi zimepungua na maduka ya samani yamechukua nafasi zao. Huo ni msiba ninaoweza kuulilia pamoja na mzee wangu. Ijumaa, baada ya sala, nitakwenda kwake na rekodi ile ya Umm Kulthum ya miaka ya 1920, yenye maneno ya mwanzo kabla hayajabadilishwa, nimwombe aisikilize hadi mwisho.