Dada wa kwenye simu hapajui kwa Mtogole

Wabongo wa London tukirudi Dar likizo, lalamiko la kwanza huwa dereva wa mtandaoni. Umemwita, ramani inasema dakika nne, naye anapiga simu: "Bosi, uko sehemu gani hasa?" Tunamwona hajui kazi. Mimi nasema tunamdai kitu ambacho hata London hawakiachii ramani peke yake.

London ni mji uliokwisha pangwa. Nyumba zina namba, na postikodi (msimbo wa posta) moja kwa kawaida inabeba anwani kama 15 tu. Ukiiandika, gari linasimama karibu na mlango. Hata hivyo anayetaka beji ya kijani ya teksi nyeusi lazima apite mtihani wa Knowledge, ulioanza 1865. Anakariri safari 320 na mitaa ipatayo 25,000 ndani ya maili sita kutoka Charing Cross, pamoja na hoteli, hospitali, mahakama na kumbi zilizo ndani ya robo maili ya kila mwanzo na kila mwisho wa safari. Ndio wale unaowaona kwenye vipikipiki wakati wa baridi, karatasi imebanwa mbele ya usukani.

Safari ya kwanza ni Manor House hadi Gibson Square. Mbele ya mtahini husemi "nanyoosha, halafu nakunja". Unataja: kushoto Green Lanes, kulia Brownswood Road, kushoto Blackstock Road, nyoosha Highbury Park, hivyo hivyo mpaka mwisho, bila ramani. Mwanzoni unaitwa mbele yake kila baada ya siku 56; ukipanda daraja, kila baada ya siku 28, kisha 21. Wengi inawala miaka mitatu, minne.

Kwa nini wajisumbue? Kwa sababu simu ina maeneo inayopofukia. Ndani ya handaki la Limehouse Link haioni satelaiti. Katikati ya maghorofa ya vioo ya City, eneo la mabenki, mawimbi yanagonga ukuta na kurudi, simu inadhani uko mtaa wa pili, na yule dada wa sauti ya ramani anakwambia "kata kushoto" kona ikiwa nyuma yako. (Tuwe wakweli: teksi nyeusi inaruhusiwa kwenye njia nyingi za mabasi, kwa hiyo si akili tupu inayowawahisha.)

Sasa njoo Dar. Operesheni ya anwani za makazi ya 2022 imeleta vibao vya mitaa na namba milangoni, lakini muulize mtu anakaa wapi: Sinza kwa Remmy, Tandale kwa Mtogole, Tabata Relini. Huko uswahilini ramani inachora uchochoro wa bodaboda kwa mstari uleule wa njia ya gari. Dereva anaingia, anakuta ukuta au mtaro, anarudi kinyumenyume mita hamsini watoto wakimwelekeza. Dereva mzee wa kijiwe cha teksi angekuuliza swali moja, "kabla ya msikiti au baada?", na kazi ingekwisha.

Mvua ndiyo inayomtenga kabisa mzoefu na ramani. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu, kwa hiyo Posta kunaweza kuwa kukavu huku maji yako njiani kuja Jangwani, bondeni inakopita Morogoro Road. Dereva mzoefu akiona wingu zito upande wa Pugu na Kisarawe, kutoka Ubungo kwenda mjini haendi na Morogoro Road. Wala hakimbilii Kawawa Road, maana pale Mkwajuni nako kuna bonde lake. Anapanda Sam Nujoma hadi Mwenge, anashuka na Bagamoyo Road, kisha Ali Hassan Mwinyi Road, mpaka daraja la Salenda. Ni mbali zaidi, ila anafika. Ramani inakuja kujua Jangwani pamejaa wakati wewe umeshakwama Magomeni.

Sitaki kuwapamba wazee. Bei ya kijiweni ilipanda ukishuka na begi la uwanja wa ndege, na dada anayerudi nyumbani saa sita usiku ana haki ya kupendelea safari ambayo nduguye anaifuatilia kwenye simu. Lakini kijana aliyekabidhiwa gari la hesabu (la kumpelekea mwenye gari pesa waliyopatana) mwezi uliopita, hana bando la kutosha, hana mtu wa kumfundisha mji, tunampimaje kwa kipimo cha postikodi?

Kwa hiyo msaidie. Usiiachie simu ikuchagulie mahali pa kuchukuliwa, maana ukiwa ndani ya nyumba alama inaweza kuangukia mtaa wa nyuma. Isogeze mwenyewe hadi barabara ambayo gari linapita. Andika kituo cha daladala kilicho karibu, na kitu kisichohama: msikiti, sheli, geti la shule. Mtajie na upande: "ukitokea Ubungo kwenda mjini, mkono wa kushoto." Kwenye Morogoro Road hilo ndilo la kwanza, kwa sababu katikati kuna njia ya mabasi ya mwendokasi na dereva hakatizi anapotaka. Akija upande usio wako, itabidi aende mpaka taa zinazoruhusu kugeuza, apange foleni, ndipo arudi.