Makapera wa Kwenye Fomu ya Kodi

Sikukuu ya Idd el-Fitri mwaka 2025 iliangukia mwisho wa Machi, na kabla halua ya sikukuu haijamalizika majumbani, ukaingia katika kundi letu la familia la WhatsApp ujumbe wa sauti kutoka kwa jamaa yetu mmoja aliyeko Marekani. Ni mtu mzima, msomi, tena mwenye kuswali safu ya mbele. Alikuwa akiwafundisha wenzake wa ughaibuni namna ya kujaza ritani ya kodi ya mapato ya mwaka 2024 kabla ya tarehe 15 Aprili. Kwa wale ambao wake zao wako Unguja na Pemba, alisema, hakuna haja ya kujitaabisha: watie alama kwenye kisanduku cha asiyeoa na wapumzike, kwa sababu mke hayupo nchini, hana namba ya mlipa kodi ya kule, hana mshahara wa dola, na serikali ile haimjui. Baada ya hapo zikamiminika dua na vidole gumba. Wake wa hao makapera wapya, ambao wengi wao wamo humo humo kundini, nao waliitikia amin.

Mimi ni mhasibu hapa mjini, na mume wangu anaishi Ohio, kwa hiyo ujumbe ule ulinigusa kikazi na kinyumbani. Niliyotaka kuyajibu pale pale niliyazuia kwa heshima ya wazee waliomo. Nayaandika hapa.

Sheria ya kodi ya Marekani haiulizi mke analala wapi. Inaangalia tarehe 31 Desemba: ikiwa siku hiyo umo ndani ya ndoa, unahesabika umeoa mwaka mzima, hata kama nikaha ilifungwa jana yake baada ya laasiri. Ndoa iliyo halali pale ilipofungwa, kwa kawaida huwa halali kwa mambo ya kodi kule pia. Ya kwetu ina walii, ina mashahidi, ina mahari yaliyotajwa, na ina cheti kilichosajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Sasa mtu huyo huyo aliyeitikia mbele ya shehe anakaa mezani kwake Columbus, anatia saini chini ya maneno yanayosema kwamba kudanganya hapo ni kosa la jinai, na anaiambia serikali ya watu kuwa hajaoa. Huyu mwanamke anayesimama juani Fuoni kuhesabu mifuko ya saruji, anayemfukuza fundi asiibe nondo, anayempeleka mama mkwe hospitali kila mwezi kupimwa presha, ni nani basi? Mlinzi wa nyumba?

Nitaambiwa kwamba ni karatasi tu, na kwamba ndoa iko kwa Mwenyezi Mungu. Ni kweli. Lakini wanaonijibu hivyo ndio hao hao ambao mwaka wa pili au wa tatu humwombea mke viza ya kwenda kuishi naye, na hapo ghafla karatasi hugeuka kuwa kila kitu. Mume ndiye mdhamini. Katika hati ya udhamini anatakiwa kuambatisha ritani yake ya kodi au nakala yake inayotolewa na mamlaka ya kodi, na nakala hiyo imeandikwa waziwazi alijazaje: kapera au mwenye ndoa. Bahasha moja inakuwa na cheti cha ndoa cha mwaka 2021 na ritani ya mwaka 2023 inayosema bwana huyu hana mke. Mwanamke amepanda boti alfajiri kwenda Dar es Salaam kwenye mahojiano ubalozini, amevaa baibui lake jipya, amebeba picha za harusi na risiti za fedha alizotumiwa, na anayeketi mbele yake ana haki ya kumuuliza swali jepesi kabisa: mumeo ameidanganya serikali kuhusu kodi, au wewe unatudanganya sisi kuhusu ndoa? Ajibu nini? Hakuijaza yeye fomu ile. Pengine hata hakujua kwamba ipo. Lakini swali ataulizwa yeye, na safari itakayochelewa ni yake na watoto wake, kwa sababu ya alama moja aliyoitia mtu mwengine usiku akiwa na haraka ya kulala.

La kuudhi zaidi ni kwamba uongo wenyewe, kwa wengi wao, hauna hata faida. Kwa mwaka 2024 punguzo la kawaida la kapera, yaani kiasi cha mapato kinachoondolewa kabla ya kodi kupigwa hesabu, lilikuwa dola 14,600. Punguzo la aliyeoa anayejaza ritani peke yake lilikuwa dola 14,600 hizo hizo. Viwango vya kodi vya mwaka huo navyo vilikuwa vile vile kwa wote wawili, kuanzia asilimia 10 na kupanda, mpaka mapato yanayotozwa yafike dola 365,600, na hapo ndipo vilipoanza kuachana. Jamaa zetu wanaoendesha malori na wanaouguza wazee kule hawajafika huko, na siku watakapofika wataweza kumlipa mwanasheria badala ya kutegemea ujumbe wa sauti.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba zipo nafuu ambazo aliyeoa akijaza peke yake kwa kawaida huzikosa: ile ya wenye kipato kidogo, ya riba ya mkopo wa masomo, na ya msaada wa bima ya afya. Kwa mwenye mshahara mdogo hizo si pesa za kudharau. Lakini nafuu anayoipata mtu kwa kumkana mkewe ni fedha ya serikali aliyoichukua kwa uongo, na mamlaka ya kodi huweza kuidai irudi pamoja na riba na faini.

Njia halali hazijifichi. Ya kwanza ni hiyo ya aliyeoa kujaza peke yake: anaandika jina kamili la mke pale panapotakiwa, na penye namba ya mke asiye na namba ya kule anaandika herufi tatu, NRA, yaani mgeni asiye mkaazi. Basi. Mume wangu aliponisomea sehemu hiyo kwa simu ilikuwa saa sita za usiku hapa na kwake jua halijatua, akaniuliza jina langu limeandikwa kwa herufi gani kwenye pasipoti, akaandika, akaendelea na mstari unaofuata. Kazi nzima iliyowatisha wanaume wa kundi letu ilikwisha kabla maji ya chai hayajachemka.

Njia ya pili ni kujaza pamoja, na hapa ndipo penye fedha. Raia wa Marekani au mwenye ukaazi wa kudumu anaweza kukubaliana na mkewe kwamba mke ahesabiwe kama mkaazi kwa mambo ya kodi, hata kama hajawahi kuikanyaga nchi ile. Wanaambatisha tamko lililosainiwa na wote wawili, na kwa mwaka 2024 punguzo lao lilikuwa dola 29,200. Chukua mtu aliyekuwa na mshahara wa dola 45,000 mwaka huo, ambaye mkewe hana kipato. Akijaza peke yake, zinabaki dola 30,400 za kutozwa, na kodi yake ni dola 3,416. Wakijaza pamoja zinabaki dola 15,800, na kodi ni dola 1,580. Tofauti ni dola 1,836 kwa mwaka mmoja. Kapera wa kundini, aliyedhani amewazidi akili Wamarekani, amelipa 3,416.

Njia hiyo ina masharti yake, na wanaume hupenda kuyaruka wanapoelezea. Mke akishahesabiwa mkaazi, mapato yake yote popote duniani yanaingia kwenye ritani: mshahara wa mwalimu wa skuli ya Wete, pango la fremu ya duka, faida ya biashara ya vitenge. Kodi ya mapato aliyokwisha kukatwa huku inaweza kupunguzwa katika ya kule kwa sheria ya Marekani yenyewe, maana Tanzania na Marekani hazina mkataba wa kuzuia kodi mara mbili. Uamuzi huo ukishafanywa unaendelea miaka inayofuata, na mmoja akiuvunja, hakuna kati yao atakayeruhusiwa kuufanya tena, hata akija kuoa au kuolewa na mtu mwengine. Na lililo kubwa kuliko yote: wakijaza pamoja, deni la kodi ni la wote wawili, kila mmoja kwa deni zima. Bibi aliyeko Makunduchi akitia saini ritani ambayo bwana ameficha ndani yake mapato ya teksi, naye ni mdaiwa. Kwa hiyo bibi asome kabla ya kusaini. Kama hajui Kiingereza cha fomu, atafute wa kumsomea asiyekuwa mumewe.

Halafu kuna namba. Mke asiye na namba ya kule lazima aombewe ya mlipa kodi kwa fomu W-7, ambayo hupelekwa Austin, Texas, pamoja na ritani ya karatasi, na pasipoti yake halisi au nakala iliyothibitishwa na ofisi iliyoitoa. Majibu huchukua kama wiki 7, na msimu wa kodi au ombi likitoka nje ya nchi ni wiki 9 hadi 11. Jirani yangu mmoja wa Mwanakwerekwe aliambiwa na mjazaji wa fomu wa mumewe aitume pasipoti yenyewe, akaituma. Mama yake akapata rufaa ya kutibiwa India, na yeye ndiye aliyekuwa amsindikize. Alikwenda kaka yake, ambaye hajui hata mama anakunywa dawa gani asubuhi. Hakuna aliyemwambia kwamba nakala iliyothibitishwa na Uhamiaji ingetosha. Mjazaji alikwishalipwa, na alipopigiwa simu alisema ndio utaratibu.

Wapo wanaoulizia hadhi ya mkuu wa kaya, ambayo kwa mwaka 2024 ilikuwa na punguzo la dola 21,900. Mwenye mke asiye mkaazi wa kule anaweza kuipata, lakini awe anaishi na mtoto au mtegemezi anayekubalika na awe ndiye anayebeba zaidi ya nusu ya gharama za nyumba. Mke mwenyewe hatoshelezi sharti hilo. Na hapa kuna jambo ambalo kila nikilisoma linanipandisha damu: mtegemezi lazima awe raia au mkaazi wa Marekani, au awe mkaazi wa Canada au Mexico. Mtoto wa damu anayesoma Chake Chake, asiye na uraia wa kule, ambaye baba yake anamlipia ada, sare na maziwa kila mwezi bila kukosa, hahesabiki. Angekuwa anaishi Toronto au Tijuana angeweza kuhesabika. Tumbo lake, inaelekea, linashiba kwa bei rahisi mno hata serikali isilione.

Kwa upande wetu hakuna mengi. Kodi ya mapato ni jambo la Muungano, inakusanywa na TRA hata hapa Visiwani, na kila mtu hutozwa kwa kipato chake mwenyewe, mume mbali na mke mbali. Fedha ya matumizi anayoituma mume si mshahara wala faida ya biashara, na mke asikubali kutishwa nayo na mtu yeyote wa mtaani. Aliyefungua akaunti ya pamoja na mkewe hapa kwa ajili ya ujenzi ajue tu kwamba salio la akaunti zake zote za nje likipita dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, hata kwa siku moja, inabidi aitolee taarifa kule.

Wenye waume Uingereza wana nafuu ya utulivu: tangu 1990 kila mwanandoa hutozwa peke yake, ingawa mke aliyeko huku asiye na haki ya kiwango cha msamaha cha kule, yaani kipato kisichotozwa kodi, hawezi kumhamishia mumewe pauni 1,260 za kiwango hicho. Wenye waume Oman hawana la kujaza kwa sasa. Mwenye wake wawili, fomu ya Marekani haina kisanduku chake, na mimi pia sina la kumsaidia.

Waliokwisha kujiandika makapera hawajafungiwa mlango. Kuna fomu ya marekebisho, 1040-X, na kwa kawaida mtu ana miaka mitatu ya kubadilisha ritani aliyoijaza peke yake ili iwe ya pamoja na mkewe. Kinyume chake hakiwezekani: mkishajaza pamoja na tarehe ya mwisho ikapita, hamrudi nyuma kwa mwaka huo. Fomu hiyo ina sehemu ya mlipa kodi kueleza kwa maneno yake mwenyewe kwa nini anabadilisha aliyoyaandika mwanzo. Nina hamu kubwa ya kujua wanaume wa kundi letu wataandika nini hapo, na wake zao wakiandika sababu zao, zitafanana?