Siku Niliyoua Chama Kizima

Nimeamka na jumbe 17 za kuniuliza maziko ni lini. Rafiki yangu, yule wa kuvaa kofia mpaka ndani ya nyumba, ameshatangaza WhatsApp kwamba nimeua wazee wa Umoja kwa kompyuta. Mwongo. Walikuwa watu 38, na si wote wazee. Kama ni kusemwa, nisemwe kwa hesabu sahihi.

Chama chenyewe ni cha kuzikana: shilingi 500 kila mwezi, mwenzenu akifiwa mnachanga na kukodi basi la kwenda ushago. Niliwatengenezea tovuti kwa PHP, lugha ya kuandikia programu, mwanachama aandike namba yake aone michango yake. Ijumaa usiku katibu akanipigia: kuna mzee aliyefariki mwaka jana, na bado simu ya mjane wake inapokea faini ya kuchelewa. Aibu hiyo. Saa sita usiku, betri imebaki asilimia 9, nikaongeza sharti moja, la kuuliza kama hali ya mwanachama ni marehemu ili asidaiwe:

if ($hali = 'marehemu')

Wenye macho mmeshaona. Nyamazeni kwanza.

Sikujaribu. Mstari mmoja tu, unajaribu nini?

Jumamosi saa nne asubuhi, ukumbini, projekta imewashwa. Mama Mwenyekiti akasema, "Nianze mimi, niwe mfano." Namba yake ni 1, lakini kuitafuta kwenye kibodi kulimchukua dakika nzima. Akabonyeza.

Kwanza ikatokea picha yake, ndani ya fremu nyeusi. (Fremu hiyo niliichora mwenyewe nikajisifu.) Kisha neno MAREHEMU, herufi kubwa, ukuta mzima. Kisha, polepole, maana mtandao wa ukumbi huo ni wa kukokotwa: "Chama kinaungana na familia kuomboleza. Michango yake imesitishwa."

Kimya. Nilisikia mandazi yakitafunwa nyuma kabisa, halafu nayo yakakoma. Mama akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya leso, akaivaa, akasoma tena kwa sauti, neno kwa neno, mpaka kwenye nukta. Akanigeukia.

"Kijana wangu, mimi nilikufa lini?"

Na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu: "Ngoja kidogo mama, ni mtandao."

Mhazini akajaribu namba yake. Amekufa. Katibu, amekufa. Sasa watu wakapanga foleni, kila mtu anataka kujua kama yumo. Mzee mmoja alipojiona ukutani hakushtuka hata kidogo. Akauliza zile 50,000 za familia zinatolewa leo au wiki ijayo.

Mimi huku natokwa jasho. Nikashuku databesi, nikaifungua: wote hai. Nikafuta kache. Nikailaumu seva, nikamlaumu hata aliyeniuzia chaja. Mwishowe nikaweka var_dump($hali) mbili, amri ya kuonyesha $hali ina neno gani, moja juu ya sharti na moja ndani yake. Ya juu ikaniambia "hai". Ya ndani ikaniambia "marehemu". Yaani mama alikuwa akiingia kwenye mstari wa 41 mzima wa afya, anatoka maiti. Muuaji alikuwa mstari wenyewe, na mstari ni wangu.

Alama moja ya sawasawa si swali, jamani, ni amri. PHP haikubishi: inachukua 'marehemu', inamvisha mtu, kisha inakagua kama neno lenye herufi ni kweli. Ni kweli. Karibu ndani, pole kwa familia. Haigombi wala haionyi, inatii tu kama mpwa aliyetumwa dukani bila orodha.

Najua mtaniambia ningegeuza, niandike 'marehemu' === $hali, kwamba nikipunguza alama kwa bahati mbaya ikabaki moja faili zima litagoma kuendeshwa. Asanteni. Ijumaa saa sita usiku mlikuwa wapi?

Nikaongeza alama mbili, zikawa tatu, amri ikawa swali, wakafufuka wote isipokuwa yule anayestahili. Katibu ameandika kwenye kumbukumbu za mkutano kuwa wanachama walifariki saa 4:10 na kurudi saa 4:35, na zimepitishwa. Nimepigwa faini ya shilingi 200 kwa kutangaza vifo bila idhini ya kamati. Nimelipa leo asubuhi kwa M-Pesa, nikamwandikia Mama Mwenyekiti kuomba radhi tena.

Akajibu: "Imefika. Aliyepokea yu hai."