Kabla hujanunua kampeni kubwa, wasikilize waliokaa mezani

Kila familia inayocheza michezo ya kuigiza wahusika mezani hufika mahali hapa. Kisa cha kwanza kimekwisha, joka limekufa au limetoroka, watoto wanauliza "tunaanza lini kingine?", na yule anayesimulia anaingia mtandaoni kutafuta kampeni, yaani kisa kirefu cha kuchezwa kwa miezi mingi, iliyosifiwa kuliko zote. Naomba asubiri kidogo. Orodha za kampeni bora hutungwa na watu wazima wanaocheza na watu wazima wenzao, marafiki waliotenga jioni moja kila wiki kwa mwaka mzima. Meza ya familia ina watu wa umri mbalimbali, ina mtoto anayesinzia saa mbili usiku na kijana anayetaka hatari ya kweli. Ninavyoona mimi, kisa kijacho kinapaswa kutokana na yale waliyoyafanya watu wako katika kisa kilichopita, hata kama hakimo katika orodha ya mtu yeyote.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: mmoja anakuwa msimulizi, kila mmoja wa wengine ana mhusika wake, na dadu huamua pale ambapo haijulikani kama jambo litafaulu. Dungeons & Dragons ya Gary Gygax na Dave Arneson, iliyotoka mwaka 1974, ndiyo iliyofungua njia na ndiyo inayojulikana zaidi hadi leo. Msimulizi anaweza kutunga kisa chake mwenyewe, lakini wengi wetu wenye kazi na watoto tunanunua kilichokwisha kuandikwa, tukakirekebisha kadiri tunavyokwenda.

Sisi tulianza na Lost Mine of Phandelver, kisa kilichokuja ndani ya sanduku la wanaoanza la mwaka 2014. Mapema kabisa katika kisa hicho kuna pango la magoblini, vijitu wakorofi wa hadithini, na karibu na mlango wake kuna mbwa mwitu watatu waliofungwa minyororo. Meza nyingi za watu wazima huwamaliza kwa mishale na kupita. Kitindamimba wangu alisimamisha kila kitu. "Mama, hawa wamekula leo?" Kitabu kinaruhusu kuwatuliza, tena kinalifanya jambo hilo kuwa rahisi zaidi ukiwapa chakula. Basi akatoa akiba yote ya safari ya mhusika wake, akarusha dadu ya pande ishirini, na sote tukainama kuitazama. Akafaulu. Kaka yake, ambaye mhusika wake alikuwa amekwisha kuchomoa upanga, akaurudisha alani. Ndani zaidi ya pango lile goblini mmoja anayeitwa Yeemik anamshika mateka ukingoni mwa genge na kutaka wachezaji wamwondolee bosi wake. Kijana akakaa kupatana naye kwa muda mrefu kuliko pigano lolote la siku ile, akimpandishia na kumshushia masharti mpaka baba yao akaanza kucheka.

Ukishayaona mambo kama hayo, kazi ya kuchagua imekwisha kuanza. Una mtoto anayewaona maadui kuwa viumbe wenye njaa na woga, na una mwingine anayefurahi zaidi adui akizungumza kuliko akianguka. Kampeni yenye vyumba hamsini vya mifupa inayotembea itawachosha wote wawili, hata ikiwa na sifa za dunia nzima.

Ndiyo maana sipendi swali la "mlifurahi?" baada ya mchezo. Watoto watajibu ndiyo, kwa sababu walikaa na wazazi wao saa nzima bila simu kuingilia, na hiyo peke yake ni furaha. Uliza ni nani wanayemkumbuka kwa jina. Uliza wangependa kujua nini zaidi juu ya yule mwenye duka, au mlango ule ambao hamkuufungua. Halafu angalia wanafanya nini wakati si zamu yao. Pigano la wachezaji watano na maadui sita lina zamu kumi na moja katika mzunguko mmoja, na kila mtu mzima akifikiri na kupekua karatasi yake, mtoto wa miaka minane anaweza kusubiri dakika kumi ili arushe dadu mara moja na kukosa. Akianza kuchora pembeni, usimlaumu. Anakuambia kwamba kisa kijacho kiwe na mapigano machache na mafupi, chenye mafumbo, safari na watu wa kuzungumza nao.

Suala la hofu linanigusa kuliko yote, na hapa sitazunguka. Curse of Strahd ya mwaka 2016, iliyojengwa juu ya Ravenloft ya Tracy na Laura Hickman ya mwaka 1983, ni moja ya kampeni zinazopendekezwa sana kwa kila anayeuliza "tucheze nini sasa?". Nimeisoma na naipenda. Nchi yake ya ukungu, ngome yake, Strahd, yule bwana mkubwa anayenyonya damu huku akiongea kwa adabu: yote yameandikwa kwa ustadi. Lakini ndani yake kuna kinu cha zamani cha upepo, na ndani ya kinu wanaishi wachawi watatu wanaooka maandazi ya kuleta ndoto tamu. Unga wa maandazi hayo umechanganywa na mifupa ya watoto waliosagwa, na watoto wengine hutolewa na wazazi wao wenyewe, ambao hawawezi tena kuishi bila ndoto zile. Mtu mzima akilisikia hilo anashtuka, na mshtuko wenyewe una maana katika hadithi. Mtoto wa miaka minane aliyekaa pembeni ya mama yake anasikia jambo jingine kabisa: kwamba mzazi anaweza kumtoa mtoto wake. Sioni sababu yoyote ya kumpelekea wazo hilo kitandani.

Wapo wanaosema utalainisha. Kinu kimoja unaweza kukiondoa, sawa. Ila nchi nzima ya Strahd imejengwa juu ya kukata tamaa, na ukiondoa huzuni yake unabaki na vijiji na popo. Ni afadhali kuchukua kisa kilichoandikwa kwa moyo mwepesi tangu mwanzo.

Kwa hiyo kanuni yangu ni kwamba kipimo cha hofu kinawekwa na mdogo kuliko wote mezani. Kijana wangu analalamika, na nina jibu lake: mkubwa anaweza kufurahia kisa cha mdogo, lakini mdogo hawezi kukivumilia cha mkubwa. Tena hofu haiendi kwa umri peke yake. Yupo mtoto asiyejali mifupa wala mashetani, lakini mnyama wa mhusika wake akifa atalia siku mbili. Kabla ya kuanza kisa kipya nakaa na kila mmoja peke yake na kumwuliza kuna kitu gani hataki kabisa kukutana nacho. Mbele ya wenzao watoto hujifanya mashujaa. Kwa kunong'ona husema kweli. Na mezani tunaweka kadi yenye alama ya X, mbinu aliyoianzisha John Stavropoulos: yeyote akiigusa, kilichokuwa kinatokea kinaachwa au kinabadilishwa, na hakuna anayemdai maelezo. Watoto wanaielewa mara moja, na kwa kuwa wanajua ipo, wanathubutu zaidi.

Kuna na visa vya zamani ambavyo watu huvitaja kwa heshima kubwa. Tomb of Horrors ilichezwa kwa mashindano mwaka 1975 na kuchapishwa mwaka 1978, na ilitengenezwa ili kuwakomesha wachezaji waliojiona hawashindiki. Mitego yake inaua bila onyo. Kama historia, isome. Kwa mtoto aliyemchora mhusika wake kwa penseli za rangi na kumpa jina la rafiki yake, iache.

Halafu urefu. Kampeni kubwa zina zaidi ya kurasa mia mbili na huwachukua wahusika kutoka ngazi ya kwanza, wakiwa dhaifu, hadi ya kumi na kuendelea, wakiwa na nguvu kubwa. Familia gani ina nafasi hiyo? Mitihani inaingia, mtoto anapata homa, wageni wanakuja, kazi inabana. Mkirudi mezani baada ya mwezi, nusu ya watu wamesahau adui ni nani na kwa nini wana ufunguo wa shaba mfukoni. Na mtoto naye hakui polepole kwa ajili ya kampeni. Aliyeanza akipenda farasi wenye mabawa anafika katikati ya kitabu akiwa anataka upelelezi. Mimi nachagua kisa kinachoweza kwisha katika mikao michache. Mtoto anayefika mwisho wa hadithi, akaona kwamba alichokifanya yeye ndicho kilichouokoa mji, anapata kitu ambacho kampeni iliyokatika katikati haitampa kamwe.

Kwa bahati nzuri vitabu vya namna hiyo vipo. Candlekeep Mysteries ya mwaka 2021 ina visa vifupi 17, kila kimoja kikianzia na kitabu kinachopatikana katika maktaba kubwa. Unachukua kimoja, unakimaliza, na maktaba inabaki pale pale kuwasubiri. Vinatofautiana sana kwa uzito na kwa giza, kwa hiyo soma chote kabla ya kukileta. Kwa watoto wadogo zaidi kuna Hero Kids, iliyolengwa kwa umri wa miaka 4 hadi 10, na inatumia dadu za kawaida za pande sita tu.

Msimulizi naye asisahauliwe. Ndiye atakayesoma usiku wengine wamelala, akachora ramani na kujifunza sauti ya kila mtu. Akilazimishwa kusimulia kisa kisichomgusa, meza itasikia. Nimewahi kukaa kama mchezaji kwenye meza ya namna hiyo: kila kitu kilikuwa sahihi kwa kanuni, na hakuna aliyetamani kurudi. Kwa hiyo, katika visa vitatu vinavyofaa watoto, acha kwanza kile unachokisoma huku unapiga miayo.

Na tafadhali msipige kura juu ya majina ya vitabu. Kwenye familia kura huwagawa watu, na aliyeshindwa anakuja mezani amenuna. Zaidi ya hayo, mtoto hupigia kura picha ya jalada, na kipya kinyemi. Ninachofanya ni kuwapa fununu ndani ya mchezo wenyewe. Wahusika wamekaa wanakula, msafiri mmoja anawaambia kuna maonyesho ya ajabu ambayo huja mara moja kila miaka minane. Mwingine anasema joka jeupe limeonekana likizunguka juu ya milima. Mzee mmoja anatafuta mtu wa kumpelekea kitabu kwenye maktaba ya mbali. Kisha nanyamaza na kusikiliza. Watakachokiuliza maswali matatu mfululizo ndicho wanachokitaka, na hakuna aliyeshindwa.

Sisi tulipofanya hivyo, fununu mbili zilishindana. Maonyesho yale ni ya The Wild Beyond the Witchlight ya mwaka 2021, kampeni iliyoandikwa ili kila tukio liweze kutatuliwa bila kupigana, na ambamo mhusika anaweza kuanza akiwa amepoteza kitu utotoni alipoingia maonyeshoni bila tiketi. Kwa meza kama yetu imetengenezwa hasa. Kasoro yake ni kwamba ni ndefu, inakwenda hadi ngazi ya nane, na nayo ina wachawi watatu ambao nataka kuwasoma kwa makini zaidi kabla sijawafungulia mlango.

Kwa hiyo tunaanza na joka jeupe, yaani Dragon of Icespire Peak ya mwaka 2019. Imewekwa katika Phandalin, mji ule ule wa kisa chetu cha kwanza, na hilo lina uzito mkubwa, maana watoto wanamjua kila mwenye duka pale na wanataka kujua ameendeleaje. Katikati ya mji kuna ubao wa kazi. Wachezaji wanachagua wenyewe kazi gani waifanye, na kazi moja huweza kwisha kwa mkao mmoja au miwili. Ina mapigano mengi kuliko ninavyopenda, na baadhi nitayafupisha. Lakini kazi ya Gnomengarde peke yake inatosha kunishawishi: jamii ya watu wadogo wavumbuzi ina wafalme wawili, mmoja amepagawa kwa hofu kwa sababu kiumbe kinachojigeuza umbo kinawala raia wake, na wageni wanatakiwa waamue kama watamsikiliza. Kijana wangu atakuwa na mtu wa kupatana naye, mdogo wake atakuwa na mtu wa kumtuliza, na baba yao atapata kitu cha kupiga kwa shoka.

Strahd yuko rafuni. Nimemwahidi kijana kwamba likizo ndefu ikifika tutamcheza na baba yake na binamu zake wakubwa, mdogo wake akishalala, na kila atakayekaa mezani ataniambia kwanza kama kile kinu kibaki au kiondoke.