Lazima afe mtu ndiyo tusafiri?

Ukimwambia mtu wa Mtwara kwamba wewe na mumeo mnawasha gari Jumamosi mnaelekea Kilwa, atakuuliza kama kuna msiba. Ukisema hakuna, atauliza harusi ya nani. Ukikataa na hilo, sauti inashuka: basi kuna mgonjwa. Mama mkwe wangu, anayeishi Nachingwea, aliyauliza yote hayo kwenye simu moja. Nilipomjibu, "Hapana mama, tunatembea tu, mimi na Baba Nasra," akanyamaza kidogo, halafu akaomba azungumze na mwanawe. "Niambie ukweli mwanangu. Nani katutoka?"

Simlaumu. Huku Kusini barabara ina kazi yake: inatupeleka kuzika, kuozesha, kuuguza na kuuza. Waliozaliwa juzi hawajui kwamba kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, Rufiji ilivukwa kwa kivuko pale Ndundu, na masika yakikaza mlilala njiani. Hata daraja lilipokuja, zile kilomita 60 za Ndundu hadi Somanga ziliendelea kututesa miaka mingi kabla hazijapata lami. Mtu aliyewahi kushuka kwenye basi usiku akasimama kwenye tope na mtoto mgongoni hawezi kuiangalia lami akafikiria matembezi. Kwake lami ni kitu cha kumaliza haraka kabla hakijabadili mawazo.

Baba Nasra ni wa kizazi hicho. Akishika usukani anahesabu mabasi aliyoyapita, na ukimwomba asimame anakuuliza kwanza kama ni lazima.

Mimi naona tunajinyima. Vijana wetu wakioana wanakopa pesa kwenda fungate Zanzibar, wanarudi na picha za ufukwe na deni. Sisi wazee kidogo hatuendi kokote, kwa sababu mume na mke wa makamo kusafiri bila shughuli kunaonekana kama utoto, au kama kuna jambo mnaficha. Wakati huohuo pwani hii kuanzia Msimbati mpaka Kilwa tunaipita kwa kasi, vioo vimefungwa, tukisubiri kufika. Naandika kuwashawishi wale wenye ndoa zao waipite taratibu, hata mara moja, bila sababu yoyote.

Mikindani ni kama kilomita kumi tu kutoka Mtwara mjini, na ndiyo mahali watu wa Mtwara hawashuki kamwe. Kila mtu anajua kuna nyumba za kale, milango ya nakshi na boma la Mjerumani lililojengwa 1895, ambalo baadaye lilikarabatiwa likafanywa hoteli. Watoto shuleni wanakariri kwamba Livingstone aliondokea hapa mwaka 1866 kwenye safari yake ya mwisho, ile ambayo hakurudi hai. Lakini kushuka, ukatembea kwenye vichochoro, ukasalimia watu waliokaa barazani, hilo tumewaachia Wazungu.

Tuliegesha karibu na maji. Mama mmoja alikuwa amepanga ming'oko kwenye ungo, mafungu mafungu, bado ina mvuke. Kwa asiyeijua, ni mizizi ya porini yenye ukubwa wa kidole, inachimbwa wakati wa kiangazi na kuchemshwa na chumvi. Ganda lake jembamba unalimenya kwa kucha. Ukilichuna vizuri linatoka refu bila kukatika, ukiwa na haraka linakatika na mchanga unaingia mdomoni. Baba Nasra, ambaye wageni wakija nyumbani hula kwa uma, alimaliza fungu la pili akiwa amesimama, na maganda yake yote marefu.

"Shikamoo mama," nilimwamkia nilipolipa.

"Marahaba. Mnakwenda Dar?"

"Hapana, tunatembea."

"Mnamtembelea nani?"

"Hatumtembelei mtu."

Akatutazama wote wawili, akacheka mpaka akashika kiuno, akatuongezea miwili ya bure.

Tulichagua mwisho wa Septemba kwa makusudi. Wakulima wameshamaliza kupuliza dawa za kuzuia ubwiri unga, ule ugonjwa wa mikorosho, mabibo yameanza kuanguka chini ya mikorosho, mekundu na ya njano, na minada ya korosho bado haijaanza. Minada ikianza Oktoba kila kitu kinageuka. Malori yanajaa njiani, AMCOS, yaani vyama vya ushirika vya wakulima, zinajaa watu wanaouliza malipo, na pesa ikiingia ndoa zote zilizosubiri zinafungwa kwa wakati mmoja. Wiki chache kabla ya hapo barabara ni tulivu na watu wana nafasi ya kuzungumza. Onyo moja kwa akina mama: usile bibo ukiwa na gauni unalolipenda. Doa lake halitoki, mume wako asikudanganye kwamba litatoka.

Kutoka hapo hadi Mnazi Mmoja, panapogawanyika njia ya Masasi na ya Lindi, sina mengi. Ni mikorosho, minazi, na matuta ya kupunguza mwendo ambayo Baba Nasra huyachukulia kama matusi.

Lindi mjini ndipo nilipoona kwa nini wenzetu hawasafiri. Tuliingia kwenye nyumba ya wageni mchana, jasho linatutoka, mkoba mmoja. Binti wa mapokezi akamwangalia Baba Nasra, akaniangalia mimi, akauliza kwa heshima zote: "Mnapumzika au mnalala?" Mtu mzima anajua kupumzika maana yake nini kwenye nyumba ya wageni saa nane mchana. Nikamwambia mwanangu, huyu ni mume wangu wa ndoa na tuna binti mkubwa kuliko wewe. Akaona aibu, masikini, lakini kosa si lake. Biashara yake imejengwa juu ya watu wa aina mbili: wanaofuata shughuli za ofisi na wanaopumzika. Mke na mume waliokuja kuangalia bahari hawamo kwenye daftari lake.

Na bahari ya Lindi inafaa kuangaliwa. Mto Lukuledi unaingia kwenye ghuba, ng'ambo ni Kitunda, na jioni kivuko kinarudi kimejaa watu, baiskeli na kuku. Tulikaa ufukweni na pweza wa kuchoma, ndipo nikamsimulia mwenzangu habari ya Tendaguru, kilima kilicho bara, kaskazini-magharibi ya mji. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria. Tunasema "Wajerumani walichimba", lakini walioshika majembe walikuwa mamia ya watu wa huku, chini ya msimamizi aliyeitwa Boheti bin Amrani. Wapagazi waliibeba mifupa hiyo begani na kichwani, mwendo wa siku kadhaa kwa miguu, mpaka hapa Lindi ikapakiwa melini. Zaidi ya tani 200. Mmoja wa wanyama hao amesimamishwa kwenye jumba la makumbusho Berlin, urefu wake kwenda juu unapita mita 13, na watu wa dunia nzima wanakata tiketi kumwona.

Baba Nasra aliacha kutafuna. Mita 13, akasema, ni ghorofa nne. Akauliza huyo Boheti alipata nini. Nikamwambia kwamba mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Akafikiri. "Yaani karibu miaka mia. Mshahara wa mtu mweusi huchelewa." Kwa hilo sikuwa na la kuongeza. Ninalojua ni kwamba tungekuwa kwenye basi la saa kumi na mbili asubuhi, mazungumzo hayo yasingekuwepo. Tungeona kibao cha Lindi, tungesema "tumefika Lindi", tungelala tena.

Kutoka Lindi kwenda kaskazini unapita Mchinga, unaona mashamba ya chumvi yanavyometa, halafu barabara inaingia bara, unavuka Mbwemkuru, na kwa muda mrefu ni msitu na vijiji. Hapa watu wa mitandaoni wangekuambia wanandoa wanafunguliana mioyo. Sisi tulibishana kuhusu bati. Kuanzia Mbwemkuru hadi Nangurukuru tulibishana bati la nyumba ya Nachingwea liwe la geji gani na nani alimwambia fundi aanze bila kunishirikisha. Lilikuwa bishano lenye umri wa miaka, ambalo nyumbani hukatizwa na simu, mgeni au taarifa ya habari. Garini hakuna pa kukimbilia. Tulipokata kona kuingia njia ya Masoko lilikuwa limekwisha, na bati ni la geji ninayoitaka mimi.

Kilwa Masoko mnachukua kibali kwanza, kisha mnatafuta boti ya kwenda Kilwa Kisiwani. Nendeni asubuhi, mchana upepo unachafua mlango wa bahari na nahodha atawarudisha mkiwa mmelowa. Kisiwani kwenyewe nilitarajia magofu, nikakuta mji. Ibn Battuta, yule msafiri wa Morocco, alipofika 1331 aliuhesabu miongoni mwa miji mizuri, na ukisimama ndani ya Msikiti Mkuu chini ya yale makuba unaelewa kwamba hakuwa anawasifia wenyeji kwa sababu ya pilau. Husuni Kubwa, jumba la sultani, lina birika la kuogelea lenye pande nane, juu ya jabali linaloangalia bahari. Dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji ya leo, ilipita hapa. Kilwa ilikuwa na sarafu zake yenyewe za shaba, na mwaka 1944 chache kati yake ziliokotwa kwenye kisiwa kimoja kaskazini mwa Australia. Hakuna anayejua kwa hakika zilifikaje huko. UNESCO iliiweka Kilwa Kisiwani pamoja na Songo Mnara kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981. Siku tuliyokwenda, boti nzima ilikuwa sisi wawili, nahodha, kijana wa kutuongoza, na mama wa kisiwani aliyekuwa anarudi na gunia la unga. Yeye ndiye pekee aliyekuwa na sababu.

Nitaambiwa haya ni maneno ya wenye gari. Gari letu ni kuukuu na mafuta tuliyachangia, lakini sawa, acheni gari. Kati ya Mtwara na Lindi mabasi madogo yanapita kutwa nzima. Mnaweza kushuka Mikindani, mkala, mkapanda lingine. Kinachohitajika zaidi ni kukubali kuchelewa, na hicho ndicho kigumu. Msiende masika. Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipokata barabara ya Dar kule upande wa Somanga, wasafiri walikwama, na hakuna ndoa inayonoga kwenye foleni ya malori. Kuanzia Juni hadi Septemba mna amani. Mafuta jazeni Lindi mjini, na noti ndogondogo muwe nazo, kwa sababu mama wa ming'oko hana chenji ya elfu kumi.

Nina dai moja kwa halmashauri zetu, na si hoteli. Kila mkutano wa uwekezaji unazungumzia hoteli za nyota kadhaa ufukweni, na miaka inapita. Ninachotaka ni choo. Choo safi chenye maji na mlango unaofungika, kando yake benchi mbili chini ya mwembe, na nafasi ya mama ntilie wawili. Mwanaume anasimama popote kwenye mikorosho. Mimi nimesafiri kutoka Lindi hadi Nangurukuru nikinywa maji kwa kipimo cha kijiko, kwa sababu nilijua hakuna pa kushukia kwa heshima. Mke akiogopa kunywa maji njiani, mume ataambiwa aongeze mwendo, na Baba Nasra hahitaji kuambiwa mara mbili. Jengeni kimoja tu kwanza, pale Mikindani, karibu na yule mama wa ungo.