Dakika 25 za Mwanga

Wenzangu wana mbwa wanaotambua hatua zao mlangoni. Mimi nina jenereta. Nikisimama kando yake inaunguruma vizuri, unaweza kuiposea mke. Nirudi ndani sasa, nivue viatu, ninyooshe miguu: kho, kho, khooo... giza. Dakika 25. Nimepima kwa saa, mara tatu.

"Imezima," anasema mama watoto humo gizani. Ahsante kwa taarifa. Mimi nilidhani nimepofuka.

Mimi si fundi, ila nimewashikia mafundi tochi kwa miaka mingi. Nikaanza na yale ninayoyajua. Dizeli, nusu tangi. Nikachomoa kijiti cha oili, nikakifuta, nikakirudisha, nikakichomoa tena: oili imesimama katikati ya alama mbili. Maji ya rejeta yapo, na nilisubiri ipoe ndipo nikafungua, maana ngozi ya akiba sina. Mashine hizi presha ya oili ikishuka, au joto likizidi, zinajizima zenyewe kabla hazijaungua. Lakini ikizimwa hivyo inakata ghafla, kama mtu aliyeishiwa salio. Yangu haikati. Yangu inakohoa, inapanda, inashuka, taa zinafifia, zinarudi, inaaga kama yule mgeni ambaye kila akifika mlangoni anakumbuka habari nyingine. Injini ikifa kwa madaha namna hiyo, imekosa mafuta.

Shemeji akaja. Shemeji yangu hana gari, hana pikipiki, ana ushauri. Akaizunguka mara mbili, mikono nyuma, kisha akatoa hukumu: "Badilisha plagi."

"Shemeji, hii ni dizeli. Haina plagi ya kutoa cheche. Hewa inagandamizwa mpaka inapata moto, dizeli ikinyunyizwa humo inawaka yenyewe."

Akafikiri kidogo. "Basi ndiyo maana inazima. Plagi haina."

Nikabadilisha filta ya dizeli. Ukishaifungua hiyo, upepo umeingia, lazima uutoe: unalegeza skrubu ya juu, unapiga kile kipampu cha mkono, povu linatoka, unapiga, povu, unapiga, mpaka dizeli ije safi bila hata kipovu kimoja, ndipo unakaza huku bado inatoka. Kidole gumba kilinivimba. Shati lilianza kunuka dizeli siku hiyo na mpaka leo halijaacha. Nikawasha. Ikaimba! Nikaingia ndani, nikavua viatu.

Dakika 25.

Kilichonitia wazimu ni kwamba ukiiacha nusu saa inawaka tena, macho makavu, kama haijamkosea mtu.

Jana usiku ilipozima sikusubiri. Nikaenda na tochi nitazame mafuta. Mfuniko wa tangi ulikuwa mgumu, umeng'ang'ania kama kuna mtu anauvuta kwa ndani. Nikauzungusha kwa mikono miwili: fyuuuuuu! Tangi likavuta pumzi ndefu, kama mtu aliyeibuka kutoka chini ya maji.

Nikabaki nimeganda. Mfuniko una kitundu kidogo cha kuingiza hewa kadiri dizeli inavyotoka. Kikizibwa, pampu inavuta, inavuta, mpaka inashindwa, kama kunyonya chupa uliyoibana midomoni. Injini ikishalala, hewa inajipenyeza taratibu, na nusu saa baadaye mchezo unaanza upya.

Na nani kaziba? Juu ya mfuniko kulikuwa na mfuko wa nailoni uliofungwa kwa mpira, mizunguko minne, fundo la aina ile ambalo hapa nyumbani analifunga mtu mmoja tu. Mimi. Eti mvua isiingie.

Nikautia mfukoni haraka, nikafuta kitundu, nikawasha, nikaingia ndani kwa mwendo wa daktari bingwa. "Kulikuwa na tatizo la mgandamizo katika mfumo mzima wa mafuta," nikatangaza.

"Si nilisema?" akasema shemeji.

Nikavua viatu. Dakika 25 zikapita. 26. 30. Taa hazikutikisika.

Mama watoto akanitazama mfukoni, ncha ya nailoni ikichungulia. "Ule mfuko niliokukataza kuufunga pale, ndio huo?"

Kwa mara ya kwanza tangu ninunue jenereta hii, niliiomba izime.